M5 ya E39: nichukue ya bei nafuu inayogonga, au ile yenye faili la risiti?

Kwako Mshauri wa Magari,

Salamu nyingi. Tangu nikiwa shuleni naipenda BMW M5 ya E39 (jina la kiwandani la kizazi hicho cha 5 Series), ile saluni ya milango minne yenye injini ya V8 na gia za mkono. Nimejikusanya kwa miaka, na sasa pesa ninayo. Gari la kwendea kazini ninalo, kwa hiyo hili litakuwa la mwisho wa wiki na safari ndefu. Yamebaki magari mawili na nimekwama.

La kwanza lilitengenezwa Novemba 1999, limetembea kilomita 212,000, na bei yake ni theluthi mbili ya bei ya lile la pili. Rangi inang'aa na viti vya ngozi havijachanika. Nimekwenda kuliona mara mbili, na mara zote nimekuta injini imeshapata moto. Likiwa limesimama linanguruma, husikika mchakacho upande wa mbele wa injini, kama gololi zinazotikiswa ndani ya kopo. Mwenye gari anasema M5 zote ziko hivyo. Nikishika breki kwenye kilomita 90 kwa saa, usukani unatetemeka. Taa tatu kwenye dashibodi, ya ABS, ya DSC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) na ya breki, zimewaka pamoja na hazizimi. Anakiri kwamba huongeza lita 1 ya oili kila kilomita 1,000. Risiti za matengenezo hana.

La pili ni la mwaka 2002, kilomita 168,000, lina faili nene la risiti. Tatizo ni kwamba nikilinunua, mkononi nabakiwa na asilimia 10 tu ya bei yake. Nikichukua la kwanza nabakiwa na pesa nyingi, na hesabu yangu ni kwamba nitalitengeneza taratibu. Fundi wangu anasema niweke oili nzito tu, kelele na unywaji wa oili vitaisha.

Kuna na mtu wa tatu ananipigia simu kila siku kuhusu M5 "otomatiki" ya mwaka 2000, bei ya kutupa. Nishike lipi?

Msomaji mwenye hamu

Jibu

Ndugu yangu, lile la tatu tulimalize kwanza. BMW haikuwahi kuuza M5 ya E39 yenye gia otomatiki. Zilizotoka kiwandani Dingolfing kuanzia 1998 hadi 2003 zote zilikuwa na gia sita za mkono. Unayopigiwa simu ni E39 ya kawaida, pengine 540i, iliyobandikwa beji. 540i ni gari zuri, lakini liuzwe kwa jina lake.

Hata hayo mawili mengine yahakiki kabla hujaendelea. Namba ya chesisi ya M5 huanza na WBS, herufi za kampuni ya M, ilhali E39 nyingine zilizoundwa Ujerumani huanza na WBA. Kisha inua zulia la buti. M5 haina tairi la akiba, kwa sababu mabomba ya ekzosi ya pande zote mbili yamechukua nafasi yake. Mahali pake ziliwekwa pampu ndogo ya upepo na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Ukikuta shimo la tairi la akiba, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa twende kwenye mchakacho, maana hapo ndipo penye pesa yako. Injini hii, S62, ina ujazo wa sentimita za ujazo 4,941, nguvu farasi 400 kwenye mizunguko 6,600, na kila silinda ina mlango wake wa hewa. Kamshafti zake nne, yaani shafti zinazofungua valvu, husogezwa mbele na nyuma na mfumo wa VANOS ili kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, na mfumo huo husukumwa na oili yenye shinikizo kubwa. Kila upande wa V una kifaa chake cha VANOS pale mbele, chini ya kava za tapeti. Meno na boliti zinazounganisha kifaa hicho na kamshafti zikilegea au kulika, vyuma huanza kugongana, na sauti yake ndiyo hiyo uliyoieleza: gololi ndani ya kopo, injini ikiwa na moto na haijakanyagwa. Sili zikichoka, shinikizo linavuja na injini inapoteza nguvu ya chini. Na bodi ya solenoidi, inayoongoza oili ya VANOS kwa umeme, hupasuka viungo vyake vya risasi, upande mmoja ukafanya kazi na mwingine usifanye.

Kwa hiyo si kweli kwamba M5 zote ziko hivyo. Nyingi ziko hivyo kwa sababu wenye nazo wameahirisha kazi. Kuitengeneza ni kufungua kava zote mbili, kutoa vifaa vyote viwili, kubadilisha sili, boliti na vipande vilivyolika, kuchomea upya au kubadilisha bodi za solenoidi, kisha kurudisha taimingi kwa vifaa maalumu vya S62. Fundi asiye na vifaa hivyo asiiguse. Taimingi ikikosewa kwenye kamshafti nne, valvu na pistoni hukutana.

Kuna sauti nyingine usiichanganye na hiyo. Injini ikiwashwa baridi, mnyororo wa taimingi unaweza kugonga sekunde mbili au tatu mpaka kikaza mnyororo kijae oili, kisha ukanyamaza. Hapo mara nyingi ni kikaza mnyororo kimechoka, kazi ndogo. Ikiendelea zaidi ya hapo, reli za plastiki zinazoongoza mnyororo ziangaliwe. Vipande vya plastiki ndani ya sampu ya oili ni ushahidi usiobishaniwa.

Ndiyo maana injini kukutwa na moto mara mbili kunatusumbua kuliko taa zote tatu. Mwambie mwenye gari kwamba unakuja asubuhi na lisiwashwe tangu jana. Ukifika, kabla hujasalimia gari, weka kiganja juu ya bomba la juu la rejeta. Likiwa na uvuguvugu, aga kwa heshima, panga siku nyingine. Likiwa baridi, zima redio, fungua boneti, liwashe bila kukanyaga mafuta, ushuke usimame mbele. Sikiliza dakika moja nzima. Halafu tembelea nyuma ukaangalie moshi. Mvuke mweupe unaopotea ni wa kawaida asubuhi, lakini wingu la bluu lenye harufu ya oili iliyoungua si la kawaida.

Hilo linatufikisha kwenye lita 1 kwa kilomita 1,000. S62 hunywa oili kiasi hata ikiwa na afya, lakini hiyo ni nyingi, na tarehe ya gari ina maana kubwa. Magari yaliyoundwa kabla ya Machi 2000 yalitoka na ringi za pistoni za aina ya kwanza, na kiwanda kiliyaagizia oili nyepesi ya 5W-30. Kuanzia Machi 2000 ringi zilibadilishwa na oili ikawa 10W-60, iliyo nzito zaidi. La Novemba 1999 liko upande wa kwanza wa mstari huo. Muulize mwenye gari kama ringi zilishabadilishwa na karatasi iko wapi. Jibu la mdomo lihesabu kuwa hapana.

Ushauri wa fundi wako kuhusu oili nzito tunaupinga waziwazi. Oili nzito inaweza kufunika sauti kwa wiki chache na kupunguza unywaji kidogo, lakini boliti ya VANOS iliyolegea haikazwi na oili, wala ringi iliyokwama kwa masizi haifunguki. Na hata kwa S62 za baadaye, 10W-60 ndiyo nzito kuliko zote zilizoagizwa na kiwanda. Ukipita hapo, asubuhi ya baridi oili inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, yaani palepale panapolia.

Kabla ya kuhukumu ringi, angalia vitu vya bei ndogo: gasketi za kava za tapeti zinazovuja juu ya ekzosi, sili, na vitenganishi vya oili kwenye mfumo wa kupumua wa injini. Vikiziba, oili inavutwa hadi kwenye milango ya hewa na kuunguzwa. Toa plagi zote nane uzipange kwa mpangilio wa silinda. Plagi moja au mbili zenye ukoko mweusi unaonata zinakuonyesha silinda yenye shida. Zikiwa nane zote zinafanana, fikiria mfumo wa kupumua au ringi za injini nzima.

Kisha lipia kipimo cha uvujaji wa silinda, hiki ni bora kuliko kompresheni peke yake. Injini ikiwa na moto, pistoni ya silinda inayopimwa hupandishwa juu kabisa, hewa hupulizwa kupitia tundu la plagi, na saa inaonyesha asilimia inayopotea. Chini ya 10 ni vizuri, na ikizidi 20 pana ugonjwa. Sikio ndilo linalokuambia ugonjwa uko wapi: hewa ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye milango ya hewa ni valvu ya kuingizia, na tangi la maji likitoa mapovu ni gasketi ya silinda hedi. Lakini kumbuka jambo moja ambalo hata mafundi wazuri husahau: ringi ya chini, ile ya kukwangua oili, inaweza kuwa imechoka na kipimo hiki kikatoka safi. Hiyo huonekana barabarani. Shuka mlima mrefu gia ya tatu ikishikilia bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga ghafla huku mwenzako aliye gari la nyuma akitazama. Pumzi moja ya bluu ikatoweka, huenda ni sili za valvu. Ikiendelea kutoka unapozidi kukanyaga, ni ringi.

Ringi maana yake injini kushuka chini. Tena bloku ya S62 ni ya alumini yenye silikoni isiyo na mikono ya chuma ndani, kwa hiyo silinda iliyochanika haisuguliwi kwa jiwe la kawaida la gereji. Ni kazi ya karakana inayoijua alumini ya aina hiyo, na hakuna spea moja inayokaribia gharama yake.

Unywaji wa oili una deni lingine linaloufuata. Masizi huziba vijitundu vya hewa ya ziada vilivyomo ndani ya silinda hedi, na taa ya injini ikawaka kwa misimbo P0491 na P0492, mmoja kwa kila upande. Gari halipungui nguvu kwa hilo, ila pale unapotakiwa kupita kipimo cha moshi utakwama, na vijitundu hivyo kuvisafisha vizuri ni kazi ya siku kadhaa.

Kutetemeka kwa usukani unaposhika breki ndilo jepesi kuliko yote. Mara nyingi ni bushi za mikono ya mbele ya sasipensheni, au diski zilizopinda, au vyote viwili. Badilisha mikono ya pande zote kwa pamoja, ukaze boliti za bushi gari likiwa limekaa kwa uzito wake juu ya tairi. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, raba hujipinda na kuchanika mapema. Kwa kuwa M5 hii inatumia boksi la usukani na si reki, angalia pia mkono wa kati na mkono wa kusaidia upande wa pili, maana hulegea na kufanya usukani utangetange. Nyuma, boljointi za spindo zikichoka utasikia gari linajisogeza lenyewe unapobadilisha njia.

Zile taa tatu zinaweza kuwa sensa moja ya gurudumu au kompyuta ya ABS yenyewe. Mashine ya kusoma hitilafu itatofautisha kwa dakika tano. Kompyuta hiyo hutengenezeka kwa kuchomea viungo vyake, usikimbilie kununua mpya.

Joto la injini usiliamini kwa mshale. Mshale wa E39 umepangwa ukae katikati hata maji yakipanda sana, na ukiinuka umechelewa. Kuna menyu iliyofichwa: shikilia kitufe cha kushoto chini ya saa za dashibodi mpaka neno TEST litokee, nenda kipimo cha 19 ufungue kufuli kwa jumla ya tarakimu tano za mwisho za namba ya chesisi, kisha nenda kipimo cha 7 usome joto halisi la maji. Liache gari kwenye msongamano, au limesimama dakika 20 na kiyoyozi kimewashwa. Namba ikiendelea kupanda bila kutulia, tafuta feni, themostati au rejeta. Na tangi la maji la plastiki, pamoja na mabomba na pampu, hata kama havivuji, kama havina tarehe kwenye risiti vihesabu vimekwisha muda.

Klachi ipime kwenye gia ya tano, mizunguko 2,000, kanyaga mpaka chini. Mizunguko ikipanda na mwendo usifuate, imekwisha. Gia ikiwa huru na klachi haijakanyagwa, mgongano unaopotea ukikanyaga huelekea kwenye beringi ya kuingiza gia au flaiwili ya vipande viwili. Kazi hiyo hushusha ekzosi, propela shafti na gia boksi, kwa hiyo klachi, beringi na flaiwili hubadilishwa safari moja, na sili ya nyuma ya krenkishafti pia.

Chini ya gari, tochi mkononi, kagua kutu sehemu za kuwekea jeki, ukingo wa milango, mdomo wa kujazia mafuta na buti kuzunguka taa za namba. Herufi zilizofutika kwenye skrini ya dashibodi zisikutishe, hilo ni kosa dogo la karibu kila E39.

Sasa hesabu yako. Tuseme lile la pili ni 100. La kwanza ni 67, na wewe unazo 110, kwa hiyo unaona una 43 za kulitengeneza. Ungekuwa sawa kama tungejua linadaiwa nini. Tunalojua tayari ni VANOS pande mbili, sasipensheni ya mbele na ABS. Tusilolijua ni klachi, mfumo wa maji, mnyororo na beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenkishafti), na juu ya yote ringi. Hayo ya kwanza unaweza kuyalipa. Ringi zikijitokeza baada ya hapo, 43 zimekwisha na gari liko juu ya stendi. Hatungelichukua kwa bei hiyo. Likipita asubuhi ya baridi na mtihani wa mlima, na mwenye gari akapunguza gharama yote ya VANOS, hapo ni mazungumzo mengine.

La pili ndilo letu, lakini si kwa pesa uliyonayo leo. Asilimia 10 ni tairi na huduma ya kwanza tu. Tungependa uwe na 20 hadi 25. Omba punguzo kwa yale utakayoyakuta kwenye ukaguzi, au subiri miezi michache. Na unene wa faili usikuridhishe, lisome. Tafuta tarehe na kilomita za VANOS, klachi na flaiwili, rejeta na pampu ya maji. Panga risiti za oili kwa kilomita uone umbali kati yake. Kila kilomita 10,000 hadi 12,000 ni mwenye gari anayejali, na pengo la 30,000 liulizie. Ukiweza, chukua sampuli ya oili yake ipimwe maabara: risasi na shaba zikiwa juu, beringi za konrodi zinalika. Nalo lisikilize likiwa baridi vilevile, risiti haina sikio.

Ukilinunua, mwezi wa kwanza mwaga kila kimiminika: oili ya injini lita 6.5 za 10W-60 na filta mpya, oili ya gia na ya difu, maji ya rejeta, mafuta ya breki. Tairi ni 245/40 mbele na 275/35 nyuma, rimu za inchi 18, usichanganye chapa kwenye ekseli moja. Kwenye saa ya mizunguko utaona taa ndogo za rangi ya chungwa zikiwaka injini ikiwa baridi, kisha zikizima moja baada ya nyingine kadiri oili inavyopata moto. Usivuke pale taa zinapoanzia. Maji hupata moto mapema kuliko oili, kwa hiyo fuata taa hizo na mshale wa joto la oili ulio chini ya saa hiyohiyo.

Ukishafanya kipimo cha uvujaji kwenye lile la pili, tuandikie namba za silinda zote nane kwa mpangilio, pamoja na misimbo iliyosomwa na joto ulilolisoma kwenye kipimo cha 7 baada ya dakika 20. Kwa hizo tutakuambia punguzo gani la kudai.